Dira zilizoganda njia ya Ujiji

Novemba 1857, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, baada ya zaidi ya miezi minne ya mwendo kutoka pwani. Wao walikuwa na dira mkononi. Wanyamwezi wa misafara ya njia ya Ujiji walikuwa nayo miguuni. Februari 1858 wageni hao walilifikia Ziwa Tanganyika.

Mkoa wa Kigoma, uliko Ujiji, una dira nyingine, kongwe kuliko msafara wowote: lava ya Gagwe, iliyomwagika takriban miaka milioni 800 iliyopita.

Lava inapopoa na kushuka chini ya nyuzi 580 za Selsiasi, chembe zake za magnetaiti hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku hizo na kubaki nao. Nchi ikigeuka baadaye, inageuka na chembe zake. Mwinamo wa sumaku hiyo hueleza umbali wa mahali hapo kutoka ikweta wakati huo. Upande inakoelekea hueleza nchi imezunguka kiasi gani.

Kulisoma jiwe kunataka subira. Mtafiti hutoboa mwamba kwa kekee ya almasi, maji yakiupoza, hadi apate kipande cha mviringo chenye unene wa kidole gumba. Kabla ya kukichomoa hukichora mstari wa mwelekeo. Kwa kuwa lava yenye sumaku kali huweza kuipotosha dira, hupima pia kwa kivuli cha jua. Maabarani kipande hupashwa moto hatua kwa hatua: sumaku iliyoingia baadaye inafutika, ya kale inabaki.

Mwaka 1972 Mwingereza J.D.A. Piper alichapisha vipimo vya sumaku vya miamba ya Bukoba na jamii yake. Mwaka 1995 watafiti Joseph Meert, Rob Van der Voo na mwenzao waliilinganisha lava ya Gagwe na miamba ya Mbozi, iliyo changa kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ncha za dunia zinazosomwa katika miamba hiyo miwili zimeachana mno. Pande hili la Afrika lilikuwa limesafiri na kugeuka kabla bara kuu la Gondwana halijakamilika.

Na halijatulia. Tabora imekaa juu ya mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Mwaka 2014 Elifuraha Saria, mtaalamu Mtanzania, na wenzake walichapisha hesabu za mwendo huo kwa vipimo vya setilaiti. Pande la Victoria, lenye Tabora ndani yake, linazunguka kinyume cha saa likilinganishwa na Afrika iliyo magharibi yake, mfano wa kijiti kinachopekechwa kati ya viganja. Kasi yake haifiki digrii 1 kwa miaka milioni. Tangu dira ya Burton ifike Kazeh, mgeuko huo ni mdogo mno kwa sindano yake kuuonyesha.