Profesa Muyembe na magonjwa yanayotoka kwa wanyama



Mwezi wa Nne mwaka 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa kando ya mto Ishasha, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, pamoja na nyati kadhaa. Vipimo vilionyesha kwamba ni kimeta. Barabara ya Kiwanja kwenda Ishasha tunaijua sote, na samaki wa Vitshumbi na Nyakakoma hufika sokoni kwetu. Wakuu wa hifadhi waliwaomba wakaaji wasikaribie wanyama wa pori, na wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kazi ya watu wanaochunguza magonjwa ya namna hii, hasa mmoja aliye mwana wa inchi yetu.

Jean-Jacques Muyembe-Tamfum alizaliwa mwaka 1942. Alisomea udaktari Kinshasa, kisha akaendelea na masomo juu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji. Tangu mwaka 1998 ameongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, ambayo leo ina maabara Goma pia. Kazi yake ni ile ya mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko. Mganga wa hospitali huuliza: mtu huyu anaumwa nini? Mtaalamu wa mlipuko huongeza maswali mengine: nani aliugua kwanza, aligusa nini, alikula nini, nani walimuuguza, na ugonjwa utaelekea wapi?

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Kongo, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alitoa wagonjwa damu bila glavu, mikono yake ikalowa damu, akanawa kwa maji na sabuni. Alimsafirisha mtawa mmoja mgonjwa hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Ndipo virusi vipya vikaonekana, vikaitwa Ebola kwa jina la mto wa huko. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba sindano zilizotumiwa tena na tena hospitalini bila kusafishwa vema ziliwaambukiza wengi.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Profesa Muyembe aliona kwamba waliopona walikuwa na kinga katika damu yao, akawatia wagonjwa 8 damu ya waliopona. Saba wakapona. Wataalamu wengi wa ng'ambo walikuwa na mashaka, kwa maana wagonjwa walikuwa wachache. Lakini miaka mingi baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walipata kinga iliyotengenezwa kuwa dawa iitwayo mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa Nane 2019 ilitangazwa kuwa moja kati ya dawa mbili zilizookoa watu wengi kuliko zile nyingine zilizojaribiwa.

Mlipuko huo wa kwetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Huko alikuwa amehubiri katika makanisa na kuwagusa waumini, wagonjwa nao wakiwamo. Hatusemi haya ili kumhukumu. Ni kazi tunayoifanya sisi wachungaji wote. Ndiyo maana yatupasa kujua.

Tena kulikuwa na uvumi: kwamba Ebola ni biashara, kwamba waganga ndio wanaoleta ugonjwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu wa mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Alikuja kutafuta njia ya ugonjwa ili aifunge. Uongo uliosemwa sokoni, na mara nyingine kanisani, ulikuwa na sehemu yake katika hatari waliyoishi ndani yake watu kama yeye.

Sasa turudi kwa wanyama. Popo wanaokula matunda wanashukiwa kuhifadhi Ebola, ingawa uthibitisho kamili bado haujapatikana. Mpox ilionekana kwa mtu mara ya kwanza hapa Kongo mwaka 1970, na wanyama wadogo wa pori kama panya na kindi wanashukiwa. Kimeta hukaa udongoni miaka mingi, na mnyama huupata akila majani. Mzoga ukipasuliwa, vijidudu hutoka na kujigeuza mbegu ngumu zisizokufa upesi. Mtu huambukizwa kwa kidonda cha ngozi, kwa kula nyama au kwa kuvuta vumbi lake. Hata hivyo kimeta hutibika mgonjwa akiwahi hospitali.

Tunajua njaa iliyoko. Aliyekimbia vita na kupoteza shamba, akiona kiboko amekufa, anaona chakula cha watoto. Kumwambia tu asile haitoshi. Kanisa limsaidie apate kitu kingine. Lakini tuseme wazi: mnyama aliyekutwa amekufa asipasuliwe, asichunwe, asiuzwe. Watoto wakae mbali, na habari ipelekwe kwa daktari wa mifugo au kituo cha afya. Mwenye kidonda cheusi kisichouma, baada ya kugusa mzoga, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Haya si mageni katika imani yetu. Walawi 11 inasema aliyegusa mzoga atakuwa najisi hadi jioni, na aliyeubeba afue mavazi yake. Walawi 13 inamtaka kuhani amchunguze mgonjwa kwa makini na kumtenga siku saba kabla ya kusema neno. Kuhani alitazama, akangoja, akatazama tena. Watafiti wanapofika kwetu na maswali yao, tuwape majibu ya kweli. Jibu la kweli la mtu mmoja laweza kuwaokoa wa kijiji kinachofuata.