Mkulima ni Nani? Karafuu, Kahawa na Jina la Ushirika

Mwaka 1934 Serikali ya himaya ya Unguja ilipitisha, moja baada ya nyengine, sheria kadhaa juu ya ardhi na karafuu. Moja ilizuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie ovyo katika mikono ya wengine. Nyengine iliwataka wasafirishaji wa karafuu wawe na leseni. Nyengine tena ikaipa nguvu mpya Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ambayo watu waliizoea zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, CGA.

Jina hilo lastahiki kutazamwa kabla ya mambo mengine. Katika Kiswahili mkulima ni mwenye kulima, mtu wa jembe na jasho. Lakini mkulima wa karafuu katika daftari za Serikali alikuwa mwenye mikarafuu, na mwenye mikarafuu aghlabu hakuwa yeye aliyepalilia wala aliyepanda juu ya mti. Wapo waliokuwa yote mawili, khasa Pemba, ambako wenye miti michache walikuwa wengi na walichuma wenyewe pamoja na watoto wao. Wapo pia waliokaa mjini wakangojea hesabu. Jina moja liliwafunika wote, na likamwacha nje mchumaji.

Shida iliyoleta sheria hizo ilikuwa ya kweli. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka pamoja na biashara ya dunia nzima, na mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji, wengi wao Wahindi, ambao nao walidaiwa na wakubwa zao wa mjini. Mwenye shamba alikopa ili alipe wachumaji, akauza karafuu ili alipe mkopo, na msimu uliofuata akarudi mlango uleule. Mwaka 1931 aliletwa C. F. Strickland, mtaalamu wa ushirika aliyetumikia Punjab, kuichunguza hali hiyo. Ushirika aliotoka nao huko ulianzia chini: watu wachache wa kijiji kimoja, wanaojuana kwa majina na kwa madeni, wakidhaminiana.

Kilichosimamishwa 1934 kilianzia juu. Wasimamizi wa Jumuiya waliteuliwa, na mwanachama hakuwa na njia ya kuwaondoa. Tusiidhulumu hata hivyo: ilikopesha fedha za kuchumia, ilikuwa na maghala, na mwenye karafuu alipata pengine pa kuzipeleka asipopendezwa na bei ya mnunuzi wa kijijini. Kwa mtu aliyezoea mlango mmoja, mlango wa pili si jambo dogo. Lakini mlango wa pili haumfanyi kuwa mwenye nyumba.

Mwaka 1937 ilitungwa sheria iliyoelekea kuipa Jumuiya ukiritimba wa ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja wakagoma, na huko India, mnunuzi mkubwa, karafuu za Zanzibar zikasusiwa kwa kuungwa mkono na chama cha Congress. Mwaka 1938 yakafikiwa mapatano, na wasafirishaji wakarudishiwa nafasi yao. Ugomvi huo wote ulifanyika kwa jina la mkulima, baina ya Serikali na wafanyabiashara. Mkulima mwenyewe alisikia habari.

Ng'ambo ya pili ya maji, Tanganyika, kulikuwa na zao jengine la mti lililoletea swali hilohilo jawabu tafauti. Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga walilima kahawa katika vihamba vyao, na walowezi wa Kizungu hawakupendezwa nalo. Mwaka 1925 wakulima hao waliunda chama chao, na kiongozi wake mashuhuri alikuwa Joseph Merinyo. Serikali ilikitazama kwa jicho la wasiwasi, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye vyama vidogo vya msingi mlimani na meneja wa Kiingereza mjini Moshi. Mwaka 1934, mwaka uleule wa sheria za Unguja, ikaamriwa kwamba kahawa yote ya Wachaga ipitie huko.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi kuliko sifa za ushirika. Bei ilipoanguka, mwaka 1937, wakulima walikiinukia chama chao wenyewe, na ghasia zikazuka mlimani. Msomaji anaweza kuona hapo kushindwa kwa ushirika. Lakini watu huwa hawakigombanii kitu wasichokihisabu kuwa ni chao. Wachaga walikuwa na vikao vya vyama vya msingi, walijua nani amechaguliwa na nani amelala, na hasira yao ilikuwa na pa kwenda. KNCU iliishinda dhoruba hiyo na ikaendelea kwa miaka mingi. Iliyoivunja, pamoja na vyama vikuu vyengine vya nchi, ilikuwa amri ya Serikali huru mwaka 1976. Ilihitajika sheria ya 1982 ili virudi.

Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilifanywa mali ya Serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Wengi waliokuwa wakichuma kwa ujira wakapewa miti ya kuitunza. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, nalo likaishika kazi ya kununua na kusafirisha. Mnunuzi alibaki mmoja, na bei ilibaki kupangwa ofisini.

Katika misimu ile ya CGA watu wa Makunduchi walivuka kwenda Pemba kwa wiki kadhaa, wakiacha mihogo yao. Mchana walikuwa juu ya miti. Jioni wanawake na watoto walikaa juu ya majamvi wakichambua karafuu na kutenga makonyo, kisha zikapimwa kwa pishi na kila mtu akalipwa kwa pishi zake. Karani aliandika idadi ya pishi. Hapakuwa na daftari la wanachama ambamo angeweza kuwaandika wao.