Sahihi kama Ushahidi: Bill Finger na Historia ya Hadithi za Upelelezi za Batman, 1939–2015

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu historia ya fasihi pendwa ya Marekani ilimtaja mtu mmoja kuwa muumba wa Batman, naye ni mchoraji Bob Kane. Mazoea hayo yaliegemea zaidi ushahidi wa aina moja, yaani sahihi iliyochapwa mwanzoni mwa hadithi. Tangu toleo la Mei 1939 la jarida la Detective Comics, ambamo Batman alitokea kwa mara ya kwanza, hadi mwaka 2015, jina la mwandishi Bill Finger halikuwamo katika utambulisho rasmi wa mhusika huyo. Insha hii inadai kwamba kufutwa kwa Finger hakukuwa dhuluma kwa mtu binafsi peke yake, bali kulipotosha pia historia ya utanzu. Batman alitofautiana na mashujaa wengi wa katuni wa wakati wake kwa kuwa hakuwa na nguvu za ajabu. Silaha yake kuu ilikuwa upelelezi. Upelelezi huo ulijengwa hasa katika msuko, na msuko ulikuwa kazi ya mwandishi.

2. Hadithi ya kwanza na chimbuko lake

Detective Comics lilianza kuchapishwa mwaka 1937, likiwa na hadithi fupi za wapelelezi wa kawaida waliotegemea ngumi na bastola. Mwaka 1938 Superman alijitokeza katika jarida la Action Comics, na mafanikio yake yakawafanya wachapishaji watafute mashujaa wengine. Kane alileta mchoro wa mtu-popo. Finger, aliyekuwa muuza viatu mwenye hamu ya kuandika, alipendekeza mabadiliko ya msingi: barakoa ya kufunika kichwa yenye masikio ya popo badala ya barakoa ndogo ya macho, joho badala ya mabawa magumu, na rangi za giza badala ya nyekundu. Kisha akaandika hadithi yenyewe, “The Case of the Chemical Syndicate”, katika toleo la 27.

Hadithi hiyo ya kurasa 6 inafuata kanuni za upelelezi. Mfanyabiashara wa kemikali, Lambert, anauawa kwa kisu. Alama za vidole vya mwanawe zinapatikana kwenye kisu hicho, na kijana anashukiwa. Yeye anajieleza kwamba alikichomoa tu mwilini mwa baba yake. Baadaye inabainika kwamba Stryker, mmoja wa washirika wa Lambert, ndiye mpangaji wa mauaji. Alitaka kuimiliki kampuni nzima bila kuwalipa wenzake. Picha ya mwisho inafumbua fumbo jingine ambalo msomaji hakujua kwamba lipo: Batman ndiye Bruce Wayne, yule tajiri mvivu aliyeketi na kamishna wa polisi mwanzoni mwa hadithi.

Hata hivyo, msuko huo haukuwa wa Finger peke yake. Ulitokana kwa karibu na “Partners of Peril”, hadithi iliyochapishwa Novemba 1936 katika jarida la mhusika The Shadow. Mwandishi wake alikuwa Theodore Tinsley, lakini ilitoka kwa jina la Maxwell Grant, jina la kubuni lililomilikiwa na wachapishaji. Kwa hiyo, nyuma ya mwandishi aliyefichwa alikuwapo mwandishi mwingine aliyefichwa. Jambo hili halipunguzi thamani ya Finger. Linaonesha kwamba uzalishaji wa fasihi pendwa wa enzi hiyo ulitegemea ukopaji na kutotajwa majina.

3. Mchango wa msuko

Hadithi mbili za baadaye zinaonesha kiwango cha ufundi huo. Katika toleo la kwanza la jarida la Batman, mwaka 1940, Joker anatangaza redioni kwamba tajiri fulani atakufa saa sita usiku. Polisi wanamzingira tajiri huyo, lakini saa inapogonga anakufa mbele ya macho yao. Jawabu ni kwamba sumu ilikuwa imekwishaingizwa mwilini mwake usiku uliotangulia. Asili ya mhusika Joker ilibishaniwa baina ya Kane, Finger na Jerry Robinson, lakini muundo wa fumbo hilo ni wa kimaandishi: unategemea mpangilio wa wakati, wala si mchoro.

Katika toleo la 47, mwaka 1948, Finger alimfanya Batman apeleleze kesi iliyomzaa, yaani mauaji ya wazazi wake. Batman anamtambua muuaji, Joe Chill, lakini hana ushahidi wa kumpeleka mahakamani. Anamkabili na kumfunulia uso wake. Chill anakimbilia kwa wahalifu wenzake na kukiri kwamba yeye ndiye aliyesababisha Batman awepo. Nao, kwa hasira, wanampiga risasi kabla hajalitaja jina. Hapa upelelezi unafaulu kujua ukweli huku ukishindwa kuuthibitisha kisheria.

4. Utaratibu wa ukimya

Kufichwa kwa Finger kulitokana na mambo mawili. Kwanza, mwanzoni aliajiriwa na Kane, si na wachapishaji, na mkataba wa Kane na wachapishaji ulimhakikishia Kane kutajwa peke yake. Pili, Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimhesabu mwajiri kuwa mtunzi wa kazi iliyofanywa kwa ujira. Wachoraji nao hawakusalimika: Dick Sprang na wenzake walichora kurasa nyingi zilizotoka kwa jina la Kane. Kwa hiyo, sahihi haikuthibitisha hata uchoraji.

Mwaka 1965 Finger alizungumza hadharani katika mkutano wa wapenzi wa katuni jijini New York, na Jerry Bails akaandika makala ya kueleza mchango wake. Kane aliandika barua ya kukanusha mwaka huohuo. Finger alifariki mwaka 1974. Katika tawasifu yake ya mwaka 1989, Kane alikiri kwamba mwenzake hakupata heshima aliyostahili. Septemba 2015 kampuni ya DC ilitangaza kwamba jina la Finger lingetajwa pamoja na la Kane. Hata hapo, maneno yaliyokubaliwa yanasema Batman aliumbwa na Kane “pamoja na” Finger, tamko linalomweka mmoja mbele na mwingine kando yake.

5. Hitimisho

Insha hii haipendekezi kumwondoa Kane na kumweka Finger katika kiti kilekile cha muumba mmoja. Ushahidi wa “Partners of Peril” unakataza hitimisho hilo, na kazi ya wachoraji wasiotajwa unalikataza zaidi. Linalopendekezwa ni kwamba mtafiti wa majarida ya katuni aitazame sahihi kama polisi walivyopaswa kuzitazama alama za vidole katika hadithi ya kwanza ya Batman. Alama zile zilikuwa za kweli, lakini zilithibitisha tu nani alikishika kisu, si nani aliua. Sahihi ya Kane nayo ni ya kweli. Inathibitisha nani alikuwa na mkataba. Swali la nani alitunga linahitaji ushahidi wa namna nyingine: ulinganishi wa misuko, kumbukumbu za malipo, na ushuhuda wa waliofanya kazi hiyo. Kwa Finger, sehemu ya ushuhuda huo ilipatikana angali hai, lakini haki ilikuja miaka 41 baada ya kifo chake.