Chujio na Umati: Kuwapima Wagombea Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro, 1951–1995

Mjadala wa nani ana nafasi ya kushinda miongoni mwa wanaowania uongozi ulikolea katika miteremko ya Kilimanjaro kabla chama cha TANU hakijazaliwa, kwa kuwa mwaka 1951 Wachagga walitakiwa kumchagua Mangi Mkuu, yaani mtawala mmoja juu ya wamangi wote, katika mlima ambao kwa vizazi vingi kila mangi alikuwa na nchi yake na mara nyingi na vita vyake. Tangu mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilikuwa imeziunganisha nchi hizo katika tarafa tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja chini ya mangi mwitori, na kwa hesabu ya cheo ilielekea kwamba mmoja wa hao watatu, Abdiel Shangali wa Machame, Petro Itosi Marealle wa Marangu au John Maruma wa Rombo, ndiye angepanda. Hesabu hiyo haikutimia. Aliyeshinda ni Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, aliyesoma Uingereza na kutumikia serikali, ambaye hakuwa na tarafa ya kutawala lakini aliungwa mkono na umoja wa raia Wachagga ulioundwa mwaka 1949 chini ya Petro Njau na Joseph Merinyo, huyu wa pili akiwa amekwisha kuongoza wakulima wa kahawa katika miaka ya 1920. Nguvu ya mwitori ilikoma mpakani mwa tarafa yake, ilhali umoja huo ulitafuta wanachama mlima mzima, na hapo ndipo ushindi ulipopatikana.

Mizani hiyo hiyo ilimgeukia Marealle baadaye, kwani mwaka 1960 Wachagga waliamua kwa kura kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na nafasi hiyo ikashikwa na Solomon Eliufoo, mwalimu wa Machame na mwanachama wa TANU. Inafaa kukumbuka kwamba Tanganyika yenyewe ilipata rais Desemba 1962 tu, hivyo mlima ulikuwa umeshampigia kura rais wake kabla nchi haijawa na wa kwake.

Mwaka 1995, vyama vingi viliporudi kwenye sanduku la kura, swali la zamani lilirudi kwa sura ngumu zaidi, kwa sababu sasa mgombea alipaswa kwanza kupita mchujo, yaani utaratibu wa chama wa kupunguza majina ya waombaji kabla wananchi hawajaulizwa. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu wawili wa kupimwa katika mbio za urais. Cleopa Msuya, Mpare wa Mwanga aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa mtu wa ndani ya CCM, chama tawala, mzoefu wa hazina na wa vikao. Augustine Lyatonga Mrema wa Vunjo alikuwa kinyume chake: waziri wa mambo ya ndani aliyejulikana nchi nzima kwa maagizo ya siku saba, kisha akahamishwa wizara, akaondolewa uwaziri Februari 1995 na kuhamia NCCR-Mageuzi, chama ambacho uongozi wake aliachiwa na Mabere Marando. Kwa Mrema mchujo haukuwa kikwazo tena. Kwa Msuya ndio uliokuwa kila kitu.

Mkutano Mkuu wa CCM, kikao cha wajumbe kutoka mikoa yote chenye neno la mwisho, ulikutana Dodoma Julai 1995 ukiwa na majina matatu mezani. Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Msuya 336, na kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Msuya akatoka na wawili waliobaki wakapigiwa kura tena, Mkapa akishinda kwa 686 dhidi ya 639. Kura 336 si chache, na anayesema Msuya hakuwa na nafasi anazidharau bure. Lakini zinaonyesha pia kwamba heshima ya mtu serikalini haibebi wajumbe wa mikoa mingine pasipo mtandao wa kuwafikia, jambo ambalo wapinzani wa Thomas Marealle walilijua kwa uchungu miaka 44 kabla.

Mrema naye alikuwa na umati, hata gari lake likasukumwa na wafuasi barabarani, na mkoa wa Kilimanjaro ukampa kura nyingi mno. Kosa la waliompima kwa umati huo lilikuwa kudhani kwamba nchi nzima ni Moshi na Dar es Salaam, hali CCM ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi, yaani viongozi wa chama wa kila kundi la nyumba kumi, hadi vijijini, kule ambako mara nyingi NCCR haikuwa na hata tawi. Matokeo yalimpa Mkapa asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8. Kabla ya hapo na baada ya hapo, mkoa wa Kilimanjaro haujatoa rais wa Tanzania.