Nakala Kumi, Shahidi Mmoja

Nikiwa Kishapu nilitafuta kwenye intaneti historia ya mgodi wetu wa Mwadui. Kurasa kumi zilinipa habari ileile, neno kwa neno: Dk. Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Ile ya waridi ya mwaka 1947 akamtunza Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Vibarua walioshika sururu hawakutajwa.

Google, iliyoanza mwaka 1998, huupa ukurasa uzito kwa kurasa nyingine zinazouelekeza, kama mashahidi. Wajanja wakanunua mashahidi na kunakili habari. Mwaka 2011 na 2012 ikawabana. Hata hivyo nakala kumi ni shahidi mmoja. Tuwaandike wazee wetu wa mgodini kabla hawajatutoka.