Rangi Nne za Ramani: Swali Lililodumu Miaka 124

Mwaka 1852 Francis Guthrie alikuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza alipoona kwamba rangi nne zilitosha kutofautisha kila kaunti na jirani zake. Je, ndivyo ilivyo kwa ramani yoyote, alimradi kila nchi iwe kipande kimoja? Nduguye Frederick alilifikisha swali kwa Augustus De Morgan wa University College London, ambaye naye alimwandikia mwanahisabati Hamilton huko Dublin. Hamilton hakuvutiwa. Guthrie alihamia Afrika Kusini, akafundisha hisabati na kuchunguza mimea, akafariki mwaka 1899 bila kuchapisha lolote kuhusu swali lake.

Kwamba rangi tatu hazitoshi ni dhahiri: Malawi inapakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji, na hizo tatu zinapakana zenyewe kwa zenyewe. Ugumu ni kuthibitisha kwamba rangi ya tano haihitajiki popote. Wanahisabati huigeuza ramani kuwa grafu: kila nchi huwa kipeo, na nchi zinazopakana huunganishwa kwa mstari.

Mwaka 1879 Alfred Kempe, mwanasheria wa London, alichapisha uthibitisho uliokubaliwa mara moja. Tuseme kipeo kisicho na rangi kimezungukwa na jirani wanne: mwekundu, wa bluu, wa kijani na wa njano, kwa mpangilio huo. Kuanzia kwa mwekundu, hufuatwa mnyororo wa vipeo vyekundu na vya kijani tu. Usipomfikia jirani wa kijani, rangi za mnyororo hubadilishana, na nyekundu huwa huru kutumika katikati. Ukimfikia, unamtenga wa bluu na wa njano, na mabadilishano hufanywa upande wa bluu bila hofu. Ni hoja nzuri mno.

Penye jirani watano, Kempe alibadilisha minyororo miwili kwa mpigo. Mwaka 1890 Percy Heawood wa Durham alionyesha kwamba minyororo hiyo huweza kukutana, badiliko moja likaharibu jingine. Hata hivyo hakuitupa mbinu yenyewe. Aliitumia kuthibitisha kwamba rangi tano zinatosha daima.

Minyororo hiyohiyo ndiyo iliyofikisha safari mwisho. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakifuata njia ya Mjerumani Heinrich Heesch, walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kwa kuchambua mafungu ya nchi yanayokaribia 2,000, kompyuta ikifanya kazi kwa zaidi ya saa 1,000. Wanahisabati wengi walilalamika kwamba hakuna mtu angeweza kuukagua uthibitisho huo wote kwa mkono, na dai lao lilikuwa la haki. Mwaka 1997 Robertson, Sanders, Seymour na Thomas walipunguza mafungu hadi 633, na mwaka 2005 Georges Gonthier akauandika uthibitisho wote katika Coq, programu inayokagua kila hatua ya mantiki.