Kaza hendibreki

Kwenye gereji za jua kali za Majengo, "breki ya mkono" ni maneno ya kamusi. Fundi husema hendibreki. Kinachonivutia ni kitenzi kinachoandamana nayo: kaza. Dereva akiambiwa akaze hendibreki, huvuta mkono juu. Fundi akiambiwa vivyo hivyo, hutafuta spana na kuingia chini ya gari.

Chukua MGB, gari la michezo lililoundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980. Hendibreki yake ikilegea, wengi hukimbilia nati ya waya wake, na hapo ndipo huharibu. Kwanza hendibreki hushushwa, magurudumu ya mbele yakizuiwa kwa mawe, ya nyuma yakiinuliwa kwa jeki. Nyuma ya kila ngoma ya breki kuna skrubu yenye kichwa cha mraba: hukazwa mpaka gurudumu ligome, kisha hulegezwa kidogo kidogo hadi lizunguke bila kukwaruza. Waya hufuata baadaye, na mara nyingi hauhitaji kuguswa.

Kwa kazi hiyo waandishi wa vitabu wangesema "kurekebisha". Neno zuri, ila halisemi spana izungushwe upande gani.